Injini Iliyoitwa Mkwe

Injini ya boti ya Mama Kamba, ile kuukuu iliyofungwa nyuma, iliitwa Mkwe, maana haikutaka haraka wala kelele. Ukivuta kamba yake kwa hasira, inakohoa mara moja, kisha inanuna mpaka adhuhuri. Abiria wa kivukoni ndio waliompa mwenyewe jina la Kamba, kwa jinsi alivyoivuta miaka tisa bila kuitupa injini mtoni.

Asubuhi hiyo mkaguzi wa vyombo vya majini alikuja kuijaribu. Akiridhika, Mama Kamba angepata kibali cha kuvusha wanafunzi. Asiporidhika, boti ingepandishwa nchi kavu, na hakuwa na kazi nyingine duniani. Wifi yake alikuwa ameamka alfajiri akaisugua injini kwa sabuni hadi ikang'aa kama sufuria ya wageni. Mama Kamba alimshukuru kwa moyo wote.

Mkwe aliwaka mvuto wa pili. Makubwa! Mkaguzi akapanda, kalamu sikioni. Katikati ya mto, Mkwe akazimika. Mkondo ukaanza kuwasukuma kuelekea nguzo za daraja.

"Piga kasia, mama!" mkaguzi alisema, mikono yote miwili imeng'ang'ania ubao.

"Piga wewe, kaka. Mimi nina kazi hapa."

Akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa safi mno. Kile kipande cha kandambili alichokipachika ili mpira wa mafuta usichomoke hakikuwapo. Wifi alikiona takataka, akakitupa. Mama Kamba alipandwa na hasira hadi masikio yakamwaka moto. Akavua kandambili yake ya kushoto, akakata kisigino kwa kisu, akakisindilia mahali pake, akaurudisha mpira, kisha akaminya pampu ya mafuta mpaka ikawa ngumu.

Akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Mara ya saba kiganja kikachubuka, akabadili mkono.

"Utanisamehe, Mkwe, lakini leo huniaibishi mbele za watu."

Mara ya kumi na moja Mkwe akanguruma. Nguzo zilikuwa hatua chache tu mbele yao.

Waliporudi ukingoni, mkaguzi, jasho likimchuruzika, aliandika kwa muda mrefu.

"Injini yako mbovu, mama."

"Najua."

"Lakini unaiweza. Nakupa miezi sita, kwa sharti moja: kila safari uwe na mtu wa pili atakayejifunza kuitengeneza. Siku ukizidiwa je, na watoto wa watu wamo? Nitajie jina nimwandike sasa hivi, la sivyo nachana karatasi."

Mama Kamba akatazama huku na huku. Nani angekubali? Wifi akaja mbio, uso umejaa furaha.

"Imekwendaje, wifi? Niliisafisha mpaka ndani kabisa! Hata takataka zilizokwama nilizitoa."

Maneno yote makali aliyokuwa ameyapanga tangu katikati ya mto, Mama Kamba aliyameza. Akamshika wifi yake mkono.

"Mwandike huyu," alimwambia mkaguzi. "Kuifungua anajua tayari."