Ngazi ya Paka kwenye Nyumba Isiyotaka Wanyama

Kitu cha kwanza alichokiona Lisbeth Zaugg kilikuwa ngazi ya paka. Ilianzia bustanini karibu na mapipa ya taka, ikapanda ukutani ikipinda huku na huku, ikaishia chini ya dirisha la jikoni, ghorofa ya pili. Hapa Bern, Uswisi, ngazi kama hizo zimejaa. Nani ana nguvu za kushuka kila saa kumfungulia paka mlango? Cha ajabu ni kwamba tangazo la kupangisha lililomleta lilisema waziwazi kuwa wanyama hawaruhusiwi, na dirisha lile lilikuwa la nyumba hiyohiyo inayopangishwa.

"Sasa ngazi ya nani?" akajiuliza.

Hakuwa na nafasi ya kujiuliza maswali. Jengo alilokuwa akiishi lingevunjwa kuta mwisho wa Oktoba na wapangaji wote walitakiwa kutoka. Yeye alikuwa na paka, Netti, na mbwa, Bäri, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha. Bäri alitembea ndani kwa kufuata kengele ya shingoni mwa Netti, akila Netti anapokula, akilala Netti anapolala. Dada yake Lisbeth aliye mji wa Thun alikubali kumchukua paka tu. Mbwa, alisema, apelekwe kwenye makazi ya wanyama. Lisbeth alipowaza Bäri akiwa kule, akitega sikio asisikie kengele, alifungua tena kurasa za matangazo ya nyumba.

Kila nyumba aliyoiomba alisema kweli, na kila nyumba ilimfungia mlango. Mwishowe Dorli, mwenzake kwenye duka la jibini, alimpandishia sauti.

"Shoga, nani kakutuma useme? Sema huna! Ukishaingiza kitanda, watakutoa na winchi?"

Kwa hiyo leo alikuja na uongo wake tayari, na koti alilolisugua kwa utepe wa gundi mpaka halina hata unyoya mmoja.

Mwenye nyumba, Bi Hulda Rytz, aliyeishi ghorofa ya chini, alikuwa amesimama mlangoni. Kamama kafupi, aproni imepigwa pasi, macho makali. Kila aliyeingia alipewa mkono na swali moja.

"Una mnyama?"

"Sina," akasema Lisbeth. Masikio yakamwaka moto.

Ndani, wengine waliokuja kuiona nyumba walipima kuta kwa hatua na kuuliza ya maana: baiskeli zinawekwa wapi, majirani wana kelele, kodi inajumuisha joto? Lisbeth alijikanya asiulize. Akauliza.

"Ile ngazi ya nje, ni ya paka?"

"Ulidhani ni ya kuku?"

"Lakini wanyama hawaruhusiwi."

"Hawaruhusiwi."

"Mbona vipago viwili ni vipya kabisa? Mbao bado nyeupe."

Bi Rytz alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Una macho, wewe. Njoo uone bafu."

Bafu lilikuwa bafu. Lisbeth alirudi jikoni upesi, akachungulia dirishani. Kwenye msumari wa kipago cha juu palikuwa na kishungi cha manyoya ya kijivu. Basi kuna anayepanda! Anapanda kumfuata nani, kwenye nyumba tupu? Swali hilo lilimwasha kiasi kwamba wageni wengine walipoaga mmoja mmoja na kuondoka, yeye alibaki pale, mgongo kwa dirisha, akijifanya anakagua makabati.

Bi Rytz alianza kumsomea sheria za chumba cha kufulia, na sheria hizo mtu wa hapa hazifanyii mzaha.

"Siku yako itakuwa Alhamisi. Si Jumatano jioni, si Ijumaa asubuhi. Ukimaliza unafuta mashine, unasafisha chujio, ufunguo unaurudisha msumarini."

"Alhamisi," Lisbeth aliitikia.

Nyuma yake kioo kikakwaruzwa. Lisbeth, macho yakiwa bado kwa Bi Rytz, akapeleka mkono nyuma, akazungusha kitasa, akaliacha dirisha wazi upana wa ngumi, akarudisha mguu wa kushoto kupisha njia. Dume kubwa la paka, la kijivu, likaruka chini, likajisugua kwenye soksi yake, likaenda kujilaza chini ya dirisha, penye kipasha joto.

"Chujio, na ufunguo msumarini. Nimeelewa," akamalizia Lisbeth.

Bi Rytz alimtazama paka, kisha mguu wa Lisbeth. "Una paka."

"Mimi? Hapana, nimesikia tu..."

"Bi Zaugg, huyu anakwaruza hapo tangu asubuhi, na kila mtu leo amesikia. Mmoja kaniuliza kama ni panya. Mwingine katoa simu apige picha. Wa tatu, mwenye tai, kagonga kioo amfukuze. Wewe hata shingo hukugeuza. Mkono umefungua wenyewe, na mguu umempisha."

Lisbeth aliutazama mkono wake uliomsaliti. Aliona aibu, aibu hasa, ya kuumbuka mbele ya mtu mzima mwenzake.

"Nina paka," akasema. "Na mbwa."

"Na mbwa!"

"Mzee. Haoni."

"Nawe umenitazama usoni ukasema huna."

"Nilisema kweli kote kwingine. Sikufika hata jikoni." Alichukua mkoba wake aondoke. Kufika mlangoni akashindwa. "Samahani, Bi Rytz. Kunifukuza nifukuze, lakini niambie kwanza. Huyu ni wa nani?"

Bi Rytz nusura acheke. Akavuta kiti pekee kilichokuwamo, akakaa.

Paka aliitwa Fridolin. Alikuwa wa Emil Küng, aliyeishi humu miaka mingi mpaka miguu ilipomgomea majira ya kuchipua, akahamia nyumba ya wazee kule mlimani. Kule wanyama hawakubaliwi.

"Nikamchukua kwangu chini," alisema Bi Rytz. "Anakula kwangu, anashiba, halafu anapanda kwao. Vipago nimevipigilia mimi. Jioni Emil ananipigia simu, neno lake ni moja: amefika? Basi napanda na magoti haya, nafungua dirisha, ili nikisema amefika isiwe uongo. Nataka mpangaji atakayefungua. Ila Fridolin ni mzee, akikuta paka mwingine humu atakwenda zake, nami nitamwambia nini Emil?"

Lisbeth aliuweka mkoba chini. Jambo alilolikimbia mwezi mzima, kutenganishwa na mnyama wake, lilikuwa limeshampata mzee wa watu, naye analipigia simu kila jioni.

"Nikubalie Jumapili," akasema hatimaye. "Niwalete. Fridolin akikataa, nitaondoka bila kuambiwa."

"Jioni, kabla ya simu. Na mbwa afutwe miguu."

Jumapili Bi Rytz alipanda na mkate wa kusuka na siagi, sura haitoi siri yoyote. Netti alikagua jikoni pembe kwa pembe, kengele ikilia, na Bäri nyuma yake akigonga pua kwenye kila kabati. Kisha vipago vikalia nje, na Lisbeth akafungua dirisha.

Fridolin alimwona Netti, akatuna. Netti naye akatuna, akafoka, akarukia juu ya kabati la mwisho na kukaa huko kimya, kengele haisikiki.

"Basi," alisema Bi Rytz taratibu. "Tumejaribu."

Bäri, aliyepoteza kengele yake, alisimama katikati ya jikoni akizungusha kichwa. Alinusa. Hewa ilinukia paka, na kwa Bäri paka maana yake ni kulala. Akajikokota mpaka kwa Fridolin, akajibwaga kandoni mwake, penye kipasha joto. Fridolin akamzaba kofi la pua. Bäri akashusha pumzi ndefu. Makofi ya namna hiyo amekula maisha yake yote. Fridolin akainua mkono tena, akaushusha, akabaki amekaa, akimtazama huyu asiyejua kukasirika.

Simu ya Bi Rytz ikaita.

"Amefika, Emil. Dirisha kafungua Bi Zaugg... Ndiyo, ana wanyama. Paka yuko juu ya kabati, ananuna. Mbwa kalala hapa chini, kipofu." Akasikiliza muda mrefu. Lisbeth alishika kipande cha mkate bila kukila. Bi Rytz akaziba simu kwa kiganja.

"Anasema mbwa asogezwe kushoto kidogo. Hapo penye joto ni pa Fridolin."

Lisbeth akapiga magoti, akamsukuma Bäri kwa mikono miwili, taratibu, asimshtue. Fridolin akazunguka mara mbili, akajilaza mahali pake, mgongo wake ukigusa mgongo wa mbwa. Lisbeth hakuinuka pale chini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka yaonekane.

Bi Rytz akamnyooshea simu. "Mwambie mwenyewe. Kuanzia Oktoba atakupigia wewe."

"Amefika, Mzee Küng," alisema Lisbeth. "Amelala."