Fuawe ya Gramu Mia Nne

Tangu kiharusi kilipompata mwezi wa Machi, Malachy Devenney hakucheka hata mara moja. Alishinda kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine, akiitazama karakana yake iliyofungwa ng'ambo ya ua. Alikuwa mhunzi kwa miaka hamsini. Nusu ya mageti ya mji wa Derry yalipita mikononi mwake.

Mwanawe Fergal alikuwa baharini, kwenye mitambo ya mafuta, wiki tatu nje na wiki tatu nyumbani. Kwa hiyo mzee aliachiwa Sorcha, mke wa Fergal, naye Sorcha akaachiwa mzee. Walikuwa hawajazoeana. Mzee aliiona chai ya mkwewe kuwa ni maji ya kuoshea vikombe, na hakumficha.

Oktoba ikaingia, mji ukashikwa na wazimu wake wa kila mwaka. Siku ya Halowini, sikukuu ya mavazi ya kujigeuza, mtu wa Derry akitoka nje bila kujigeuza kitu fulani, hutazamwa kama aliyetoka uchi.

"Baba, mwaka huu utakuwa nani?" Sorcha aliuliza akimenya viazi.

"Nitakuwa mzee aliyekaa kitini."

"Kwa nini usiwe mhunzi?"

"Mimi *ni* mhunzi."

"Basi hata nguo hatununui."

"Mhunzi bila fuawe ni mpishi tu aliyevaa aproni. Na fuawe yangu ina kilo themanini, binti. Hata birika likijaa nimekatazwa kulinyanyua."

Viazi vilipoiva, Sorcha alikuwa ameshaamua.

Jirani alikuwa amenunua friji mpya. Sorcha akaomba lile povu gumu jeupe la kufungashia lililokuja nayo, akalibandika vipande kwa vipande mpaka likawa bonge. Akafungua karakana, akapima kwa futi lile dude la chuma ambalo mzee alifulia vyuma juu yake maisha yake yote: uso wake bapa, kiuno chake chembamba, pembe yake iliyochongoka. Kisha akakaa uani na kisu cha mkate, akachonga. Chembe nyeupe zilimganda kwenye nywele, kwenye sweta, mpaka kwenye kope. Jumamosi mchana fuawe ikawa imetimia. Akachukua kopo la rangi nyeusi ya kupuliza, akapuliza.

Povu likaanza kutoa sauti ya mafuta kikaangoni, dawa iliyomo kwenye rangi ikilila. Uso ukatoboka matundu. Pembe ikalegea, ikainama polepole kama mshumaa juani. Sorcha alisimama na kopo mkononi, kazi ya siku nne ikimyeyukia mbele ya macho.

Akasikia mkoromo kutoka dirishani. Akadhani mzee amepaliwa, akakimbilia ndani. Malachy alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka.

"Binti! Miaka hamsini sijawahi kupata moto wa kuyeyusha fuawe!"

"Cheka, Baba, cheka," Sorcha alisema, mwenyewe akiwa karibu kulia. Lakini kicheko ni kama miayo. Muda si muda naye kilimwambukiza.

Akaanza upya. Safari hii alilivika povu karatasi laini na gundi, tabaka mbili, akaacha likauke, kisha akapaka rangi ya maji ya ukutani. Akaiweka mezani. Mzee akaja na mkongojo wake, akaizunguka.

"Hii nini?"

"Fuawe."

"Hii ni keki ya chokoleti. Nani kakwambia chuma ni cheusi? Lete kijivu. Lete na ile buluu iliyobaki ya mlango. Na kahawia."

Akaketi, akashika brashi kwa mkono wa kushoto. Mstari wa kwanza ukaenda mshazari. Sorcha alipotaka kumsaidia, akafukuzwa kwa kidevu. Akatia mng'aro pale nyundo inapoangukia, akatia kutu miguuni. Kwenye ukingo mmoja akachora pengo dogo. "Hapa baba yangu alikosea shabaha," alisema. "Akatukana, mama akamnyima chakula cha jioni."

Tatizo lilikuwa wepesi wake, gramu mia nne tu. Kila brashi ilipogusa, fuawe iliteleza mezani. Iliteleza mara ya kwanza, mara ya pili, mzee akafyonya. Mara ya tatu mkono wa kulia ulitoka mapajani, ukapanda mezani kwa kujikokota, ukailalia fuawe, ukaituliza. Tabibu wa mazoezi alikuwa ameubembeleza mkono huo tangu Mei, nao haukusogea. Malachy hakuona, macho yake yalikuwa kwenye kutu. Sorcha aliona, akageukia sinki, akaosha sahani ambayo tayari ilikuwa safi.

Siku yenyewe walipanda mtaa taratibu, mzee na aproni yake ya ngozi, Sorcha akiwa mchawi. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa mji. Mzee akainua fuawe juu ya kichwa kwa mkono mmoja, na umati ukapasuka kumpa njia.

"Mzee, mzee, utaumia!" Kijana mmoja wa miraba minne, aliyejigeuza karoti, alirukia kumpokea. Akapanua miguu, akakaza mgongo, akaishika kwa mikono miwili, akainua kwa nguvu zake zote. Fuawe ikaruka angani, karoti ikaanguka chali. Mtaa mzima ukalipuka kwa kicheko, na sauti ya Malachy ilikuwa juu ya zote.

Wakakaa kwenye ngazi kupumzika. Watu walikuja mmoja mmoja kuiomba waibebe, wakapiga picha.

"Mwakani tutengeneze farasi," mzee alisema.

"Mzima? Na nani atamvaa?"

"Mimi na wewe, mmoja kichwa, mmoja mkia."

"Mimi mbele, basi."

"Wewe? Mwenye farasi hakai nyuma, binti."

Sorcha akamimina chai kutoka kwenye chupa. Mzee akaonja, akakunja uso, akainywa yote.