Talaka Iliyo Chini ya Ngazi

Kabla sijafungua skrubu hata moja niliitazama ile Vespa nikajiambia: Tamima, ikiwaka hii, huna mume. Ndiyo maana nilitaka iwake.

Vespa ni ya marehemu baba yangu. Mwanzo wa ndoa yetu nilikuwa naiendesha kwenda kazini, na mume wangu Mbarouk akifanya wivu mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Asubuhi moja alisimama hapa hapa ukumbini, mbele ya jirani yetu Bi Mize, akapiga ukelele: "Vespa hii ikiwaka na we umeikalia, una talaka tatu!" Talaka ya sharti haina mchezo. Sharti likitimia, ndoa imekwisha, na zikishakuwa tatu hakuna kurejeana. Wakati ule nilikuwa nampenda. Niliisukuma chini ya ngazi, nikaifunika gunia, nikawa nakwenda kazini kwa miguu.

Baadaye akaoa mke wa pili huko mtaa wa Amani. Kuoa ni haki yake, sikumgombeza. Lakini alihama moja kwa moja, hali hapa, halali hapa, na nikimdai talaka anacheka. "Sikuachi ng'o," ananiambia. Nikawa si mke, si mtalaka. Nimekaa na hasira hiyo miaka, mpaka juzi Bi Mize alipoweka kikombe chake cha chai chini, akanitazama.

"Mwanangu, we unalilia talaka, na talaka yenyewe imo chini ya ngazi inakula vumbi."

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikenda kumtafuta Kheir, fundi wa Michenzani. Alipojua Vespa ni ipi, alirudisha mikono mfukoni.

"Dada Tamima, mimi natengeneza pikipiki, sivunji nyumba za watu."

"Basi niambie tu, ina nini?"

"Chombo kikikaa hivyo, kabureta huziba. Ifungue, isafishe. Na kwenye jeti usitie waya, utapanua tundu. Lakini mimi sijakwambia kitu."

Kheir hakuniambia kitu, na bila shaka hakumwambia Mbarouk kitu pia, maana habari zilifika Amani kabla sijanunua petroli.

Leo asubuhi nilivua ubavu wa kulia wa Vespa, nikafungua bolti mbili ndefu, kabureta nikaiweka kwenye sinia. Ndani petroli ya zamani ilikuwa imekauka, imebaki utandu wa manjano unaonata kama asali kuukuu. Boya limeganda. Sindano haichezi. Jeti, ambayo ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha nisione kitu. Nikaitia kwenye petroli mpya, nikapuliza mpaka ulimi ukawaka moto, nikachokoa kwa unywele mmoja wa mswaki. Bi Mize alikaa kwenye baraza ya ndani akivuta tasbihi, na kila nikinyanyua jeti anauliza, "Bado?"

"Bado."

Mara nikaona nuru, ndogo, upande wa pili wa tundu. Nikaiweka jeti kwenye sinia, na mlango ukafunguliwa.

Mbarouk alimwamkia Bi Mize shikamoo, mimi hakunisemesha. Alitazama sinia, akainama, akaiokota jeti, akafumba mkono.

"Bila hii haiwaki," akasema.

Kweli haiwaki. Na dirisha lilikuwa wazi nyuma yake, na chini kuna mtaro. Niliogopa, sikatai. Bi Mize aliacha kuvuta tasbihi.

"Nipe, Mbarouk."

"Ile ilikuwa hasira tu. Mtu akikasirika husema."

"Ulisema, na Bi Mize alisikia."

"Nlisikia," akasema Bi Mize. "Na akili zako zilikuwa timamu, baba."

Nikasogea karibu yake. Sikuwa nimepanga kusema niliyoyasema. "Basi lala hapa leo. Sema tu utalala hapa, na kesho, na nyumba zetu zote mbili utatugawia siku kwa haki. Sema, na kabureta hii nnaitupa mwenyewe."

Wallahi angesema, ningeitupa. Hapo ndipo nilipojua kuwa bado nilikuwa namsubiri, na nilijichukia kwa hilo. Simu yake ikalia mfukoni. Hakuitoa, ila macho yalikwenda mfukoni, yakabaki huko. Simu ililia mpaka ikanyamaza, na yeye hajasema neno.

Nikaushika mkono wake, nikafumbua vidole kimoja kimoja. Havikuwa vigumu.

Nilifunga kabureta huku anatazama. Nikatia petroli na oili, nikaikalia, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Ikakohoa mara mbili, ikazima.

"Hiyo haikuwaka!" Mbarouk alisema upesi.

"Imewaka," akasema Bi Mize.

"Imekohoa! Kukohoa si kuwaka!"

"Hata mimi nasema haijawaka," nikasema. "Nataka iwake isiwe na maneno."

Nikavuta choki. "Tamima," aliniita, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya mwaka wetu wa kwanza. Nikakanyaga kiki kwa uzito wangu wote.

Ikawaka. Ukumbi ukajaa moshi na kishindo, vikombe vikatetemeka kabatini, na nikaiacha ingurume mpaka hakuna awezaye kubisha. Mbarouk alisema kitu ambacho sikukisikia, akanyoosha mkono kutaka kunigusa.

Nilikuwa kichwa wazi, mikono wazi mpaka mabegani. Nikafungua kanga niliyokuwa nimejifunga kiunoni, nikajitanda, nikafunika nywele, kama afanyavyo mwanamke anapoingia mwanamme asiye mumewe wala ndugu yake. Mkono wake ukasimama njiani, kisha akaushusha.