Mazabodi Iliyoenea Sandukuni

Watu wengine hununua kompyuta kwanza, ndipo watafute pa kuiweka. Sisi hapa Buhembe tulianza na sanduku.

Lilikuja kutoka Muleba juu ya lori la ndizi, limeviringishwa blanketi kama mgonjwa, na baba mkubwa Lameki amekaa mbele na dereva ili alisindikize mwenyewe. Mbao zilikuwa za msizi wa shambani kwake, uliopandwa na babu. Fundi alikuwa Ndyamukama, ambaye kwa kawaida hutengeneza milango na majeneza, na kazi zote mbili zilionekana: lilikuwa na bawaba nzito, na kifuniko kilichojifunga kimya kimya.

"Hapa ndipo itakapokaa mashine ya mwanangu," baba mkubwa alisema.

Huyo "mwanangu" ni kaka yangu Gamaliel, aliyesomea kompyuta Mwanza akarudi na cheti na tabia ya kukohoa kabla ya kusema. Mashine yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Hilo halikumsumbua mtu.

Yote haya yalikuwa kwa ajili ya mama. Mwaka jana watu wa televisheni walikwenda Kamachumu kwenye tamasha la kwaya za Kilutheri, wakairekodi na kwaya yetu, na ubeti wa pili mama aliuimba peke yake. Baadaye akafanyiwa upasuaji wa tezi la shingo. Alipona, tunashukuru, ila sauti haikurudi. Sasa anaongea kwa mnong'ono, kama anayekupa siri, hata anapoomba chumvi. Akitaka tumsikilize hupiga kikombe kwa kijiko.

Halafu mwalimu wa kwaya akaleta habari kwamba kipindi kitaonyeshwa Jumapili alasiri, mara moja tu. Wale waliorekodi tulishawaomba nakala. Simu yao iliita mpaka ikachoka yenyewe.

"Nataka nijisikie tena," mama aliniambia kwa mnong'ono ule. "Nimeanza kusahau nilivyokuwa."

Mimi simu yangu ni kitochi. Nikamuuliza Gamaliel kama hawezi kuishika ile yake kubwa mbele ya televisheni siku hiyo ikarekodi, basi.

Akakohoa. "Lilian, hizo ni njia za mitaani."

Yeye angeunda kompyuta ya kunasa matangazo. King'amuzi kingepeleka picha kwenye kadi maalumu, kadi ingepeleka kwenye kompyuta, na kompyuta ingetunza. "Kila kitu kinategemea mazabodi," alisema. "Ndiyo ubao ambao vitu vyote vinachomekwa hapo. Ukikosea mazabodi umekosea kote." Nilimwamini. Namwamini mpaka leo, na hapo ndipo penye kichekesho.

Tukaenda mjini kwa Lukmani, anayeuza kompyuta kuukuu na vipande vyake. Sanduku nililibeba mimi kichwani, maana kichwa cha Gamaliel hakibebi kitu tangu kipate cheti. Njiani wanawake wa sokoni walinipa pole, wakauliza ni mtoto au mtu mzima.

Lukmani akaweka mazabodi mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ndogo, nyembamba, kama sahani ya chai, haina feni. Ya pili pana kidogo, ina feni yake, na pembeni ina tundu refu.

"Ipi nzuri?" niliuliza.

"Zote nzuri, dada yangu. Mimi siuzi mbaya."

"Hii ndogo haina tundu la kadi," Gamaliel alisema.

"Haina. Lakini ni nzuri."

"Sasa kadi yangu nitaichomeka wapi?"

"Hiyo sasa ni habari ya kadi, bosi. Mimi nakuzungumzia mazabodi."

Gamaliel akaichukua ile pana, akaishusha sandukuni. Ikakataa. Ilizidi kwa upana wa kidole. Akaigeuza, akaisimamisha, akaiingiza kwa kona kama anayepitisha kitanda mlangoni. Haikupita. Ile ndogo alipoiweka ililala chini vizuri, ikabakiwa na nafasi ya kugeuka usingizini.

"Chukueni zote mkashauriane," Lukmani alisema. "Isiyofaa mtairudisha Jumatatu."

Angejua kwetu kushauriana ni nini, asingetamka neno hilo. Kitu kilichokwishaguswa na mkubwa wa ukoo hakiamuliwi na mtu mmoja. Ni mpaka kikao kikae. Baba mkubwa alikuwa bado hajarudi Muleba, anasubiri kuliona sanduku lake likifanya kazi. Mjomba Kamala akaitwa kutoka Kitendaguro, kwa kuwa zamani alikuwa karani wa posta na kwa hiyo anaelewa mambo ya mawimbi. Nikapitisha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, na mazabodi mbili kwenye sinia. Wakazitazama kama wachumba walioletwa siku moja.

"Hii pana ina kelele?" mjomba aliuliza.

"Ina feni, mjomba. Inavuma kidogo."

"Mvumo ndani ya nyumba ya Kikristo," mjomba alisema, akaendelea kutafuna.

"Lakini ndiyo yenye tundu. Bila kadi hatunasi kitu." Kwa mara ya kwanza tangu arudi, Gamaliel alisema bila kukohoa.

"Na sandukuni inaingia?" baba mkubwa aliuliza.

Hapo akakohoa.

"Nimekuuliza, waitu, mwanangu."

"Inabana kidogo, baba mkubwa."

"Inabana, au haiingii?"

Palihitajika mtu mmoja aseme kwamba sanduku ni dogo. Ni maneno mepesi, mtoto wa darasa la kwanza anayaandika. Lakini sanduku lilikuwa la msizi wa babu, mchungaji alikuwa ameliombea kabla halijapanda lori, na aliyelileta alikuwa ameliegemea kwa kiwiko. Wasomi wawili wakatazama dari.

"Ndyamukama si ana msumeno," nilisema huku namimina chai. "Ubavu mmoja ukikatwa..."

"Lilian," mjomba alisema, "chai inapoa."

"Basi tuiache nje," Gamaliel alijaribu. "Ikae wazi mezani, siku moja tu."

"Mashine uchi," baba mkubwa alisema taratibu, "mbele ya wanakwaya."

Mama alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango. Akaitazama ile mazabodi pana, akamtazama Gamaliel, akanyanyua kijiko juu ya kikombe. Halafu akakilaza chini. Lameki ni kaka mkubwa wa marehemu baba, na kwetu mwanamke hampigii shemeji kama huyo kikombe. Hata kumtazama usoni hamtazami.

"Inayoenea ndiyo yetu," baba mkubwa alisema. Kikao kikafungwa kwa sala.

Gamaliel akaiunda mashine kwa mazabodi ndogo. Kadi ikabaki kabatini ndani ya plastiki yake, kama binti ambaye posa yake imekwama. Badala yake akapata kamera ndogo yenye maikrofoni, ile ya kuzungumzia na watu wa mbali, akaifunga kwa mpira juu ya kiti ikitazama televisheni. Yaani kompyuta ya kunasa matangazo ingeyatazama matangazo kama sisi wengine, imekaa kitini.

"Si ndiyo niliyosema ya simu?" nilimuuliza.

"Hii ina mazabodi," alijibu, bila kuniangalia.

Jumapili wanakwaya wakajaa sebuleni. Gamaliel akatangaza simu zote zizimwe zisiingilie mawimbi, na mjomba akamuunga mkono kwa niaba ya posta. Wakazizima, simu nzuri nzuri ambazo hata moja tu ingetumalizia shida. Ikabaki kamera juu ya kiti, na sanduku limepakwa mafuta linang'aa.

Kwaya ikatokea. Mama alikuwa mstari wa mbele, sare ya zambarau, shingo bado nene. Ubeti wa kwanza ukaanza.

"Inanasa?" baba mkubwa aliuliza.

"Inanasa, baba mkubwa."

"Mbona siisikii?" mjomba aliuliza.

"Haina feni, mjomba."

"Niliwaambia. Ile nyingine ingekuwa inavuma sasa hivi."

"Na joto je?" aliuliza mwanakwaya mmoja nyuma.

"Msizi hauruhusu joto," baba mkubwa alisema, akageuka kumfundisha. "Huu mti baba yangu aliupanda mwenyewe. Miche aliitoa mbali..."

Ubeti wa kwanza ukaisha. Kwenye televisheni mama akasogea mbele ya wenzake. Baba mkubwa alikuwa bado yuko kwenye miche.

Kikombe kikagonga meza. Kikagonga tena, kwa nguvu, chai ikamwagika mpaka sakafuni. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule, kikombe mkononi, anamtazama shemeji yake usoni. Baba mkubwa akafunga mdomo katikati ya neno. Hakuna aliyesogeza hata mguu. Na mama wa kwenye televisheni akaimba.

Tunayo. Picha imelala upande kwa sababu mpira ulilegea, na kwenye pembe limeingia sikio la mjomba. Ubeti wa kwanza wote unahusu feni na miche. Halafu kinasikika kikombe, kikombe tena, kiti kinalia, na baada ya hapo ni sauti ya mama peke yake, safi, hata mvumo wa feni haumo. Mama huiweka asubuhi akichambua maharage. Ule mwanzo hauruki. Hukaa akiusubiri mpaka kikombe kigonge, ndipo mikono inaposimama.

Baba mkubwa akija kutoka Muleba huwaita wageni waisikilize.

"Mnaona sauti ilivyo safi?" huwaambia, kiganja kikiwa juu ya sanduku. "Hiyo ni mazabodi. Niliichagua mimi."

Mama hutikisa kichwa kukubali. Lakini shemeji akivuka hapo akaanza habari za miche, yeye hunyanyua kijiko tu, na baba mkubwa hunyamaza kabla hakijagonga kitu.