Nusu za Octave

Mwaka ule Likasi watu walikula kwa zamu: leo watoto, kesho wakubwa. Kila kilichopatikana kilikatwa vipande viwili. Basi Orpha alipopata vidonge sitini vya mumewe, vya mwisho mjini, aliapa kwamba hivyo angalau havitagawanywa.

Mumewe, Octave, alikuwa fundi wa tanuru la shaba, mcheshi kupindukia. Tangu tanuru lizimwe alikaa kitandani akitazama ukuta. Miezi mitano hakumwuliza mkewe hata swali moja. Njaa Orpha aliizoea. Kimya kile kilimshinda.

"Usitazamie leo-leo, mama," muuguzi Léon alimwonya. "Mu bongo muko serotonini, njo inaletaka furaha, na récepteurs za kuipokea. Dawa inaacha serotonini ijae pale. Lakini kuko récepteurs zingine, ziko kama sentinelle, mulinzi wa ku mulango ya usine ya shaba: zikiona imejaa, zinaamuru kazi ipunguke. Zinachokaka nyuma ya wiki tatu, ine. Njo kazi inarudia. Akamate kidonge kizima kila siku, asiruke."

Subira huvuta heri, wamesema walioshiba. Wiki ya tatu, kimya. Ya tano, kimya. Kila asubuhi Orpha alimpa kidonge na kikombe cha maji, kisha akarudi kwenye moto wake. Hapo ndipo alipokosea: hakumtazama akimeza.

Siku ya arobaini alitoa godoro kulianika. Chini yake alikuta kopo la tumbaku, na ndani nusu za vidonge, arobaini, zimekatwa vizuri kwa wembe.

Kwa hasira alimwekea mumewe kopo mbele ya macho. Siku zote zile za kungoja, na kwa nusu dozi yule mlinzi wa kichwani hajachoka bado.

"Octave, weye njo unataka kufa?"

Octave alilitazama kopo, si ukuta. Sauti yake ilikuwa na kutu.

"Nusu ile nilikuchungia weye. Minye nakusikiaka, unalilaka machozi ku jiko. Weye unakamataka dawa gani?"

Orpha aliketi sakafuni. Lilikuwa swali. Alilia palepale mbele yake, kwa uchungu na kwa furaha, asijue kipi kimezidi.

Kisha akahesabu. Nusu arobaini na vizima ishirini: siku arobaini nyingine. Aliziunganisha nusu mbili kiganjani, akampa, akamkazia macho mpaka koo lake likashuka na kupanda.

"Moja," akasema. "Minye nitangoja."