Utepe Alioubakiza Troels

Jumanne moja ya Februari, Troels alitoka karakanani kwenda kununua mikate ya asubuhi, maana zamu ilikuwa yake, na moyo wake ukasimama mlangoni mwa duka, akafa. Dada yake Ditte, aliyefanya naye kazi meza moja miaka kumi na tisa, alikuwa ameshatoa siagi.

Mezani ilibaki setilaiti ndogo kama pakiti ya maziwa. Antena yake ilikuwa utepe wa chuma uliokatwa kwenye futi ya seremala, namba bado zinasomeka. Utepe huo hukunjwa na kufungwa kwa mshipi wa kuvulia. Huko juu angani waya unaopashwa moto huukata mshipi, nao utepe hujikunjua wenyewe.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Asger, mhandisi wa karakana hiyo aliyeipokea kazi ya Troels, aliupima utepe.

"Dada Ditte, huu umezidi. Mchoro unasema milimita mia sitini na nne. Hapa ni mia sabini na moja."

"Usiuguse."

"Sanduku la kuisafirisha setilaiti linaondoka kesho."

"Mchoro ni wa kompyuta, Asger. Huu kaukata Troels."

"Na Troels alikuwa anakata mrefu kwanza. Wewe ndiye uliyenifundisha: chuma hupunguzwa, hakirudishwi. Labda hakumaliza."

Ditte alipiga hesabu. Kama kaka yake alikuwa amemaliza, wakikata wataiharibu sauti ya setilaiti. Kama hakuwa amemaliza, wakiacha itanong'ona tu, na hakuna atakayeisikia.

Wakaipandisha juu ya paa kuipima, mbali na vyuma, wakaitundika kwa mshipi kwenye nguzo ya mbao. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mlangobahari wa Limfjord na kuumeza mji. Mshipi haukuonekana tena. Kisanduku kilielea peke yake, kikijigeuza taratibu, hakina juu wala chini, kana kwamba kimeshafika kule kinakokwenda. Ditte alikitazama, akahisi na miguu yake inaliacha paa. Alitamani kipimo cha mawimbi walichopanda nacho kisiwashwe kabisa. Kabla ya kupima, Troels alikuwa bado yumo kazini.

"Niwashe?"

"Washa. Kisha urudi nyuma, tumbo lako litavuruga namba."

"Tumbo hili mmelilea nyinyi wenyewe kwa mikate yenu."

Antena iliimba chini ya masafa ya mawimbi yaliyotakiwa. Ilikuwa ndefu mno. Troels hakuwa amemaliza.

Asger akanyoosha mkono kuchukua mkasi wa bati. Ditte alimtangulia. Alikata milimita mbili, wakapima. Akakata mbili nyingine, wakapima. Ya mwisho aliisugua kwa tupa, polepole, akipuliza vumbi la chuma likapotelea kwenye ukungu. Ilipobaki mia sitini na sita, sauti ikakaa mahali pake.

"Mchoro wako nao umekosea," alisema, akijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Nitaurekebisha, dada."

Setilaiti ilirushwa Juni. Hupita juu ya mji wao wa Aalborg mara sita kwa siku, kila mara kama dakika kumi, na Ditte ndiye anayeandika inachosema.