Karatasi ya Gauni la Wifi

Marehemu Mikidadi alimnunulia mkewe Bimdogo cherehani, lakini hakumwambia mtu kuwa ni mali ya mkewe. Eda ilipokwisha tu, dada wa marehemu, Zaina, akaja juu: cherehani kirudi kwa ndugu.

"Mjane mwenyewe anashona foronya tu," alisema. "Kinaozea ndani."

Mama yao, Bi Sihaba, alichoshwa na kelele. Akaamua Bimdogo amshonee Zaina gauni. Likimkaa, cherehani kibaki, likimkataa, kiondoke.

Zaina hakuleta kaniki. Alileta kutoka Dar kitambaa cha siku hizi kinachovutika, akataka gauni la kubana la kuvaa harusini, ndani kwa wanawake. Bimdogo hakuwahi kukitia mkasi kitambaa cha namna hiyo, na Zaina alilijua hilo vizuri sana.

Siku ya kupimwa, futi ilipomzunguka Zaina kiunoni, Bimdogo aligusa fundo chini ya nguo. Kanga mbili kazifunga ndani, na tumbo kalijaza pumzi!

"Pima vizuri, wifi," Zaina alisema. "Usije ukasingizia kitambaa."

"Nimepima, wifi. Nenda salama."

Alipoondoka, Bimdogo alitoa sandukuni gauni ambalo Zaina huyohuyo alilileta lipindwe kabla ya msiba, asirudi kulichukua. Akapima hilo. Kisha akakivuta kitambaa juu ya rula: kwa upana kilikubali, kwa urefu kiligoma. Basi akapunguza vipimo vya kifua, kiuno na nyonga kwa kadiri kitambaa kilivyovutika, akachora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Mstari wa ubavuni aliufuta na kuuchora upya mpaka karatasi ikataka kutoboka, na kila alipoufuta alimlaani Zaina kwa jina.

Kabla hajakata, Zaina akaja na mama yake. Akaiona karatasi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hili la mtoto mdogo wa chuoni! Mama, kiondoke leoleo."

Bi Sihaba alimtazama mkwewe kwa huruma. Huruma ile ilimuuma Bimdogo kuliko kicheko.

"Kata, mwanangu," alisema mama. "Maneno baadaye."

Akakata, akashona. Siku ya kujaribu, Zaina ilimbidi azivue kanga zake, maana gauni halikuwa na nafasi ya hila. Alipotoka chumbani, lilikuwa limemshika kila mahali bila kukunjana popote.

"Linanibana. Siwezi hata kupumua."

"Basi livue," mama alimwambia.

Zaina hakulivua. Alijigeuza mbele ya kioo, akajipapasa nyonga, akajigeuza tena.

"Cherehani kinabaki," Bi Sihaba alisema, akajifunga ushungi wake aondoke.

Mlangoni Zaina aligeuka. "Nipe hiyo karatasi, wifi. Nina kitambaa kingine, nimpelekee fundi wa Kariakoo."

Bimdogo aliikunja karatasi polepole, pembe kwa pembe, akaenda nayo uani na kuisokomeza kwenye jiko la mkaa. Iliposhika moto, akateleka birika juu yake.

"Karibu chai, wifi," alisema.